Kutoka jiwe la Junagadh hadi mageti ya Machchhu: hotuba kuhusu mabwawa ya Gujarat

Ndugu mwenyekiti, wazee wangu, akina mama, na ninyi vijana mnaosomea kazi ya maji: habari za jioni, na asanteni kwa kuja.

Nimeombwa nizungumzie mabwawa makubwa ya jimbo moja la India, nikachagua Gujarat. Sababu moja iko humu ukumbini. Wamo kati yetu watu ambao wazee wao walipanda majahazi Mandvi, Porbandar au Jamnagar, wakashushwa na kaskazi Unguja, Mombasa na hapa Dar es Salaam. Wengi waliletwa na biashara, lakini ukame nao ulisukuma. Njaa ya mwaka 1899 na 1900, ambayo Wagujarati hadi leo huiita Chhappaniyo, iliua watu wengi mno Kutch na Kathiawar, na waliobaki wakatazama bahari. Kwa hiyo habari ya maji ya Gujarat ni kipande cha historia ya mwambao huu.

Sababu nyingine ni nzito zaidi, na ndiyo iliyonileta hapa. Gujarat wapo watu waliochonga kwenye jabali, zaidi ya miaka 1,800 iliyopita, habari za bwawa lao kupasuka. Na Gujarat hiyohiyo, mwaka 1979, bwawa lilipasuka likaua maelfu, na uchunguzi wake ukazimwa kabla ya kuandikwa ripoti. Nimeyaweka mambo haya mawili kando kwa kando kwa muda mrefu, na kadiri ninavyoyatazama ndivyo ninavyoamini kwamba usalama wa bwawa huanza pale wenye bwawa wanapokubali kusema hadharani lilivyoharibika.

Tuanze na ramani, upesi. Kusini mwa jimbo, katika vilima vya Dangs, mvua ya mwaka huweza kufika milimita 2,000. Kutch, kaskazini magharibi, mara nyingi haifiki 400. Na karibu mvua yote hiyo hunyesha kati ya Juni na Septemba, aghalabu ndani ya siku chache za vurugu. Mito mikubwa minne, yaani Narmada, Tapi, Mahi na Sabarmati, huingia Gujarat ikitoka majimbo jirani na kumwaga maji yake katika Ghuba ya Khambhat. Rasi ya Saurashtra, ambayo wazee wetu waliijua kwa jina la Kathiawar, ina mito mifupi inayotawanyika kutoka katikati kwenda baharini kila upande. Mito hiyo hujaa ghafla na kukauka ghafla. Mtu anayeishi nchi ya namna hiyo hana budi kuyazuia maji. Wakazi wa Dholavira, mji wa kale ulio juu ya kisiwa katikati ya uwanda wa chumvi uitwao Rann ya Kutch, walifanya hivyo zaidi ya miaka 4,000 iliyopita: waliziba vijito viwili vya msimu na kuyaongoza maji kwenye matangi ya mawe kuuzunguka mji. Tangi moja walilichimba kwenye mwamba mtupu, urefu wake zaidi ya mita 70. UNESCO imeuingiza mji huo katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2021.

Sasa twende Junagadh. Nje kidogo ya mji, njiani kuelekea mlima Girnar, kuna jabali lenye maandishi ya enzi tatu. Ya kwanza ni amri za mfalme Ashoka, karne ya 3 kabla ya Kristo. Ya pili ni ya mfalme Rudradaman, mwaka 150 hivi baada ya Kristo. Ya tatu ni ya siku za mfalme Skandagupta, karne ya 5. Rudradaman na watu wa Skandagupta wanazungumzia kitu kimoja: bwawa liitwalo Sudarshana.

Rudradaman anaeleza historia yake kama msimamizi makini anavyoandika daftari la kazi. Bwawa lilijengwa na Pushyagupta, liwali wa mfalme Chandragupta Maurya. Siku za Ashoka, liwali mwingine, Tushaspha, akaliongezea mifereji. Kisha ikaja dhoruba. Mvua ilinyesha hadi nchi ikawa kama bahari, mito inayoshuka mlimani ikafurika, upepo ukang'oa miti na kubomoa majengo, na tuta, ijapokuwa lilishughulikiwa, likaacha pengo la dhiraa 420 kwa urefu, dhiraa 420 kwa upana, na kina cha dhiraa 75. Maji yakatoka yote. Pakabaki mchanga.

Vijana, angalieni kinachofuata. Maandishi yanasema washauri wa mfalme walikataa kazi ya ukarabati kwa sababu pengo lilikuwa kubwa mno, na wananchi walilia wakijua tuta halitasimama tena. Liwali Suvishakha akalijenga upya. Mfalme anatamka kwamba fedha zilitoka katika hazina yake mwenyewe, bila kuwaongezea watu wa mjini na mashamba kodi, na bila kuwafanyisha kazi za shokoa. Miaka 300 baadaye, mwaka 455 au 456, tuta likapasuka tena kwa mvua, na Chakrapalita, mtoto wa liwali wa wakati huo, akalitengeneza. Hilo nalo likachongwa kwenye jabali lilelile.

Najua Rudradaman alikuwa anajisifu. Nusu ya maandishi yake ni sifa zake. Lakini katika kujisifu huko ametaja aliyejenga, lililovunjika, ukubwa wa pengo kwa vipimo, nani alisitasita, na nani alilipa. Sisi tuna methali yetu ya ufa na ukuta. Wale waliichonga kwa patasi, na wakaacha nafasi ya kuongeza.

Kutoka Junagadh twende kaskazini hadi Morbi, mji ulio kando ya mto Machchhu. Mwaka 1972 lilikamilika bwawa la pili la mto huo, Machchhu II, kilomita 5 hivi juu ya mji. Lilijengwa kwa namna iliyo ya kawaida sana duniani: katikati utoro wa maji, yaani njia ya kuachia maji ya ziada, wa mawe na saruji wenye mageti 18, na pande zote mbili matuta marefu ya udongo. Wabunifu walikadiria kwamba mafuriko makubwa kabisa ya mto yangeleta mita za ujazo 5,700 hivi kwa sekunde, na utoro ukajengwa kwa kiasi hicho.

Tarehe 11 Agosti 1979, baada ya siku kadhaa za mvua isiyokatika, maji yaliyofika bwawani yalikuwa karibu mara tatu ya hayo.

Wanafunzi, mnajua kitakachotokea, lakini niwaeleze wengine. Ukuta wa saruji unaweza kuvumilia maji kupita juu yake kwa saa nyingi. Tuta la udongo haliwezi. Maji yakishapita juu, yanachimba mteremko wa upande wa nyuma, yanafungua mkondo, mkondo unakuwa pango, na pango linakula tuta zima. Machchhu II utoro ulibaki umesimama katikati huku matuta ya kulia na kushoto yakiwa yamechukuliwa. Ndani ya dakika 20 hivi maji yalikuwa Morbi, na kina chake mitaani kilikuwa kati ya futi 12 na 30. Simu zilikuwa zimekatika kwa mvua, wafanyakazi waliokuwa bwawani hawakuwa na njia ya kuuonya mji. Makadirio ya waliokufa yanaanzia 1,800 na kupanda hadi 25,000. Hebu fikirini upana wa makadirio hayo. Ina maana serikali haikuhesabu watu wake.

Sitaki nimdhulumu mtu. Babubhai Patel, waziri mkuu wa jimbo wakati huo, aliihamishia serikali yake Morbi kusimamia uokoaji na usafi, na wanajeshi, wananchi na wafanyakazi wa umma walizika, walichoma, walizoa matope, wakaufufua mji ule. Serikali pia iliunda tume ya uchunguzi. Lakini mwaka 1981 tume ikavunjwa kabla haijatoa ripoti. Bwawa lenyewe lilijengwa upya katika miaka ya 1980, na utoro wake ukapanuliwa takriban mara nne. Nauliza kama mtu wa kazi hii: ikiwa utoro ulihitaji kuongezwa mara nne, kuna kitu hakikuwa sawa mwanzoni, na wenye nyumba chini ya mto walistahili kukisikia kutoka kwa wakubwa wao. Saruji ilizungumza. Karatasi haikuzungumza.

Mto Machchhu haujamaliza kutufundisha. Oktoba 30, 2022, daraja la waenda kwa miguu lililoning'inia juu ya mto huohuo, ndani ya Morbi, lilikatika likaua watu 135. Lilikuwa limefunguliwa siku chache tu kabla, baada ya kile kilichoitwa ukarabati. Daraja si bwawa, lakini jambo ni lile: nani alikagua, nani alitia saini, na wananchi waliambiwa nini.

Ukai, kwenye mto Tapi, ni somo la namna nyingine, kwa kuwa bwawa halikupasuka. Limekamilika mwaka 1972, na hadi Sardar Sarovar, bwawa la mto Narmada nitakalolieleza baadaye, lilipojaa ndilo lililokuwa hifadhi kubwa kuliko zote za jimbo. Linamwagilia mashamba ya miwa na mpunga kusini mwa Gujarat, linatoa umeme, na linatazamiwa kuulinda mji wa Surat ulio kilomita 100 hivi chini yake. Hapo ndipo tatizo lilipo. Mkulima na mtu wa umeme wanataka bwawa lijae kabla mvua hazijakoma. Mtu wa Surat anataka mwezi Agosti libaki na nafasi tupu ya kupokea mafuriko. Msimamizi wa mageti hawezi kuwaridhisha wote wawili kwa maji yaleyale. Agosti 2006 mvua kubwa ilinyesha upande wa jimbo jirani la Maharashtra, bwawa likiwa tayari na maji mengi. Mageti yakafunguliwa hadi kutoa kiasi cha mita za ujazo 25,000 kwa sekunde, na Surat, mji wa almasi na vitambaa, ukazama sehemu yake kubwa kwa siku kadhaa. Tangu hapo kuna mabishano kuhusu ratiba ya kujaza Ukai. Mabishano hayo nayapenda. Ratiba ya kujaza bwawa ni uamuzi wa nani abebe hatari, na uamuzi wa aina hiyo hauwi wa wahandisi peke yao.

Sasa Narmada. Hapa nitakaa kidogo.

Jawaharlal Nehru, waziri mkuu wa India, aliweka jiwe la msingi la bwawa la Sardar Sarovar mahali paitwapo Navagam tarehe 5 Aprili 1961, Gujarat ikiwa haijafikisha hata mwaka mmoja tangu itenganishwe na jimbo la Bombay. Bwawa lilijazwa hadi kimo chake kamili cha mita 138.68 kwa mara ya kwanza Septemba 2019. Miaka 58. Kwa nini muda wote huo? Kwa sababu mto ni wa jimbo jirani la Madhya Pradesh kwa sehemu kubwa ya safari yake, na kila mita ya ukuta iliyopandishwa Gujarat ilizamisha bonde la watu wengine. Majimbo yalishindwa kuelewana, baraza la usuluhishi likaundwa mwaka 1969, na hukumu yake ikaanza kazi Desemba 1979, miezi minne baada ya Morbi. Iliyagawa maji ya mto katika mafungu 28: Madhya Pradesh fungu 18 na robo, Gujarat 9, Rajasthan nusu, Maharashtra robo. Umeme ukagawanywa kwa mizani tofauti: Madhya Pradesh asilimia 57, Maharashtra 27, Gujarat 16. Kwa ufupi, Gujarat ilichukua maji, waliozamishiwa ardhi wakachukua umeme. Kati ya serikali na serikali, huo ni mgawanyo wenye akili.

Lakini aliyezamishiwa ardhi si serikali. Ni vijiji 245: 193 Madhya Pradesh, 33 Maharashtra, 19 Gujarat. Wengi wa waliokuwa wakiishi kwenye vilima vile ni Adivasi, wenyeji wa asili wa misitu, ambao mashamba yao mengi hayakuwa na hati. Nisiwe mchoyo wa sifa: hukumu ya 1979 ilikuwa mbele ya wakati wake. Ilisema fidia iwe ardhi kwa ardhi, angalau hekta 2 kwa familia iliyopoteza ardhi, na kwamba kijana wa kiume aliyekwisha kuwa mtu mzima ahesabiwe familia yake. Watu wahamishwe kwanza, maji yafuate. Karatasi nzuri sana. Ila pale Kevadia, karibu na bwawa, vijiji sita ambavyo ardhi yake ilichukuliwa mwaka 1961 kwa ajili ya makazi ya wafanyakazi na ofisi za mradi havikuingia katika karatasi hiyo, kwa kuwa havikuzama. Kizazi cha tatu bado kinadai. Leo juu ya eneo hilo kuna vivutio vya watalii, na si mbali imesimama sanamu ya Sardar Patel yenye urefu wa mita 182.

Benki ya Dunia ilikubali mwaka 1985 kuukopesha mradi dola milioni 450. Wanavijiji, wakiongozwa na Medha Patkar na vuguvugu la Narmada Bachao Andolan, waliandamana, walifunga kula, walikaa ndani ya maji yanayopanda. Benki ikalazimika kuunda jopo huru chini ya Bradford Morse. Ripoti yake ya 1992 ilisema wazi kwamba watu walikuwa hawajahesabiwa ipasavyo na mazingira hayakuchunguzwa vya kutosha. Mwaka uliofuata India ikaiacha sehemu ya mkopo iliyobaki, na benki, kwa aibu ile, ikaanzisha Jopo la Ukaguzi ambalo wananchi wanaoumizwa na mradi wake wanaweza kulipelekea malalamiko. Mwaka 2001 Waganda waliokuwa na mashaka na bwawa la Bujagali, kwenye mto Nile karibu na mji wa Jinja, waligonga mlango huohuo. Kwa hiyo mwanakijiji wa Narmada, ambaye huenda hajawahi kulisikia jina la Jinja, alimfungulia njia mtu wa Jinja.

Mahakama Kuu kabisa ya India iliruhusu ujenzi uendelee tarehe 18 Oktoba 2000. Sijaja hapa kuwaambia kwamba bwawa halikufaa. Mwaka 1986 mji wa Rajkot uliletewa maji ya kunywa kwa treni. Siku hizi miji na vijiji vingi vya Saurashtra na Kutch vinapata maji ya Narmada kwa bomba. Mfereji mkuu una kilomita 458 ndani ya Gujarat, na mwanzoni mwake unaweza kubeba mita za ujazo zaidi ya 1,100 kwa sekunde, mto mzima uliotengenezwa na watu. Unavuka mto Sabarmati, na maji unayoyaacha humo ndiyo yanayoonekana yakijaza mto katikati ya Ahmedabad. Mwaka 2022 tawi la Kutch lilizinduliwa, likifika mpaka upande wa Mandvi. Mtu aliyezaliwa Mandvi mwaka lilipowekwa jiwe la msingi alikuwa na miaka 61. Mama anayefungua bomba mahali ambapo mama yake alibeba ndoo, huyo hawezi kuambiwa kwamba bwawa ni ubaya mtupu, nami simwambii. Ninachosema ni kwamba maji hayo yana majina ya vijiji 245, na watoto wa Gujarat wanapaswa kusomeshwa majina hayo shuleni kama wanavyosomeshwa kimo cha ukuta.

Niguse na mabwawa madogo, maana yanasahaulika. Saurashtra ina vizuizi vya maji na malambo maelfu kwa maelfu, mengi yakiwa yamejengwa tangu miaka ya 1990 kwa nguvu na michango ya wanavijiji ili maji ya mvua yazame ardhini na kuvifufua visima. Kutch kuna matuta ya udongo ya ukubwa wa kati. Tarehe 26 Januari 2001 tetemeko la Bhuj liliyapasua kadhaa: Chang, Tapar, Suvi, Rudramata, Fatehgadh. Mchanga wenye maji chini ya misingi ulilegea, matuta yakabonyea na kufunguka. Hakuna mafuriko yaliyotokea, kwa sababu moja tu: ulikuwa mwaka wa ukame na mabwawa yalikuwa karibu matupu. Ukame, adui wa siku zote, ndio uliowaokoa. Yalikarabatiwa baadaye, na kwa bahati njema wahandisi waliyapima, wakaandika, wakachapisha. Ndiyo maana naweza kuwasimulia hapa leo nini kilitokea chini ya tuta la Chang, wakati siwezi kuwasomea hata ukurasa mmoja wa tume ya Morbi.

Desemba 2021 bunge la India lilipitisha sheria ya usalama wa mabwawa. Kila mwenye bwawa kubwa awe na kitengo cha usalama, bwawa likaguliwe kabla na baada ya masika, na mwenye bwawa aandae mpango wa dharura ndani ya miaka 5. Mpango wa dharura maana yake ni ramani: bwawa likiachia, maji yatafika mtaa gani, baada ya dakika ngapi, kwa kina gani, na watu wakimbilie wapi. Ramani kama hizo huishia kabatini kwa hoja kwamba zitawatia watu hofu. Watu wa Morbi walikuwa na dakika 20 na hawakuambiwa. Ningependa kuiona ramani ya Machchhu II imebandikwa kwa Kigujarati kwenye kuta za shule, sokoni, stendi ya mabasi na milangoni mwa mahekalu na misikiti ya Morbi, ikiwa na namba ya simu ya mtu aliyepo bwawani usiku huo. Na ninyi mtakaokwenda kufanya kazi kwenye mabwawa ya kwetu, siku ya kwanza kazini ombeni ramani hiyo. Mkiambiwa haipo, anzeni kuichora.

Asanteni sana. Ndugu mwenyekiti, nipo tayari kwa maswali, na naomba tuanze na wale waliokaa nyuma.